Toazi Lenye Rangi ya Chungu

Rafiki yangu wa Ikolo siku hizi hapigi simu. Anatuma sauti. Anaisogeza simu mdomoni kama mtu anayepuliza kuni mbichi, kisha anapiga kelele, kwa sababu mwenyewe hasikii vizuri na anadhani sisi wote tuko hivyo. Ujumbe ulionikuta Mbeya mwaka jana, nikiwa kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni na sahani ya ndizi za kuchoma, ulikuwa huu:

"Gwe! Ugonile, hujambo? Sikiliza. Masikio yangu yanafunga duka. Ndege siwasikii tena. Ng'ombe nawasikia. Mke wangu namsikia akikasirika tu. Sasa mwalimu wa kwaya amekuja mara ya tatu kuniomba lile gitaa, na mimi nimemwambia asubiri, kuna mzururaji mmoja lazima aje kwanza tupige wimbo wetu. Nikiingia pale pa kuingia, gitaa linabaki ukutani kwangu. Nikishindwa, alichukue, nisiwe mtu wa kufuga jogoo asiyewika. Dramu nimezipata, ziko hapa mashineni. Matoazi hayapo. Hayo utachagua wewe. Ndaga fijo, asante sana."

Niliusikiliza mara mbili. Mara ya pili niliziacha ndizi zipoe.

"Pale pa kuingia" palikuwa ni mahali pamoja katika wimbo tulioutunga tukiwa na miaka kumi na tisa. Wimbo ulikuwa wa roki, wa makelele tupu, na katikati yake tuliweka shimo. Kila kitu kinakata ghafla: gitaa, sauti, ngoma kubwa. Linabaki toazi moja tu, nalipiga mara nne, taratibu, kisha gitaa linaingia kama bati la paa linaloanguka. Rafiki yangu alikuwa akiingia huku amefumba macho. Ndiyo ilikuwa sifa yake. Wengine walijisifu kwa kucheza mpira au kwa barua za wasichana, yeye alijisifu kwa lile pigo la tano. Sikumbuki hata siku moja aliyolikosa.

Lakini hiyo ilikuwa kabla ya mashine. Tangu tulipoachana, amesimama miaka yote kando ya mashine ya kukoboa mpunga, msimu hadi msimu, mkanda ukizunguka kwa kelele ambayo ukiingia mle ndani unaongea kwa mikono. Hakuwahi kuziba masikio. Alikuwa akisema mpunga wa Kyela unanukia vizuri kiasi kwamba pua inayasahaulisha masikio. Sauti nzito zimebaki. Zile nyembamba zimeondoka moja moja, kimyakimya, bila kuaga.

Kwa hiyo kazi niliyopewa ilikuwa ya kuchagua matoazi. Kwa mtu aliyepiga dramu maisha yake yote ingeonekana rahisi. Tatizo ni kwamba toazi la kwanza nililochagua kwa ajili ya wimbo huohuo nilikosea, na nilikosea nikiwa na mwalimu mzuri kando yangu.

Mimi ni mtoto wa pande mbili. Baba alikuwa mtu wa mpunga, wa Ikolo. Mama alitoka kandokando ya ziwa, ng'ambo ya Matema, kwa wafinyanzi. Kwa watu wa mama, chungu hakitoki mkononi mwa muuzaji kabla hakijagongwa. Wanawake huvipakia kwenye mitumbwi, vimepangwa na kufungwa kwa majani makavu, na vinapofika sokoni kila kimoja hupandishwa kwenye kiganja cha kushoto na kugongwa kwa kifundo cha kidole cha mkono wa kulia. Ko. Kama kina ufa usioonekana, kule kugongwa kutausema. Dada yake mama, mama mkubwa wangu, alikuwa maarufu kwa hilo. Aliweza kugonga vyungu thelathini huku akimsema jirani yake, na akavitenga viwili vibovu bila kukatisha sentensi.

Nilikua nikiamini kwamba wanawake wale wana masikio kuliko watu wengine. Nikajizoeza. Nilikuwa nagonga kila kitu: vikombe, matofali, maboga, kichwa cha mdogo wangu. Naamini dramu zangu zilianzia hapo, na kwenye ngoma kubwa ya wacheza mganda, ambayo ilikuwa ikinifikia kifuani kabla haijanifikia masikioni.

Roki ilitukuta Kasumulu, mpakani. Mjomba wa rafiki yangu alikuwa na hoteli ya chai karibu na foleni ya malori, na likizo tulikuwa tunakwenda kumsaidia kuosha vikombe. Dereva mmoja aliyekuwa anasubiri karatasi zake za forodha alisahau kanda mezani. Haikuwa na jalada wala maandishi. Tuliiweka kwenye redio ya mjomba, na kitu kikatoka mle ambacho sijui hata leo nikielezee vipi. Mjomba alidhani redio imeharibika. Akaipiga kofi. Ikaendelea. Rafiki yangu alikaa chini, sakafuni, na kikombe chenye povu la sabuni mkononi, mpaka upande mzima ukaisha.

Kanda ile iliisha utepe kwa kuchezwa. Gitaa alilipata kwa fundi mmoja wa redio, spika tukaunganisha wenyewe, na dramu nilizitengeneza kwa kuunga huku na huku, ngoma kubwa nikiazima kwa watu wa mganda. Pale kijijini walisikiliza kwa heshima dakika chache, kisha mzee mmoja akauliza, "Sasa huu mpunga mmeshaukoboa, au bado?" Jina likashika. Tukawa watu wa muziki wa kukoboa. Tukipita njiani na gitaa, wanawake waliokuwa wanaanika kakao kwenye mikeka walituita, "Vijana! Nina magunia mawili, mtanikobolea?"

Toazi ndilo halikuwepo. Nilikuwa napiga mfuniko wa sufuria, na mfuniko una tabia ya kunyamaza ukiuhitaji.

Siku moja ya soko, hapohapo Kasumulu, akaja mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya mto Songwe na gunia la matoazi. Alisema yalikuwa ya bendi ya hoteli, na wenye bendi wamezeeka wakageukia kulima. Aliyamwaga chini juu ya turubai. Uwezo wetu ulikuwa wa kununua moja. Bahati nzuri mama mkubwa alikuwa sokoni na vyungu vyake, maana watu wa ng'ambo walivipenda, nikamkimbilia.

"Shikamoo mama. Njoo unichagulie."

"Marahaba. Nikuchagulie nini? Mke?"

"Toazi."

Alikuja akifuta mikono kwenye kitenge. Aliyatazama yale matoazi kama anavyotazama vyungu vya mfinyanzi wa kijiji kingine, kwa adabu na bila imani. Akachuchumaa. Akaanza kuyapandisha kwenye kiganja cha kushoto, moja moja, na kuyagonga kwa kifundo. Kwenye kiganja toazi halilii. Linatoa "tu", basi, kama mlango wa kabati. Yule mfanyabiashara alianza kucheka.

Lilikuwepo moja dogo, la kung'aa, mtu angeweza kunyolea ndevu mbele yake. Mama mkubwa aligonga, akaliweka chini. Lilikuwepo moja pana, jeusijeusi, la rangi ya chungu kilichotoka motoni, limejaa alama za nyundo. Aligonga. Akagonga tena karibu na ukingo.

"Hiki," akasema.

"Mama, hicho hakilii."

"Nani amesema kinalia? Nimesema hiki."

"Umekishika ndiyo maana. Ukikishika unakiua. Ngoja." Nikachukua lile dogo, nikapitisha kamba kwenye tundu lake, nikalining'iniza kidoleni na kuligonga. Ting! Mlio ulitoka mwembamba, safi, mrefu, ukapita juu ya soko zima. Watu waligeuka. Nikafumba macho kama mtaalamu. "Unasikia? Kinalia kama mtungi mzima usio na ufa."

Mama mkubwa aliinuka na kujishika magoti.

"Kama ni mtungi," akasema, "kinunue, ukatekee maji."

Rafiki yangu alinitazama mimi, akamtazama yeye. "Mwenye dramu ni wewe," akaniambia. Nikanunua lile dogo.

Tulilipeleka kwenye sherehe moja ya harusi Busale. Pale kwenye shimo la wimbo, vitu vyote vilipokatika, toazi langu liliimba mara nne kama malaika, na rafiki yangu akaingia macho yamefumba. Lakini baada ya hapo, gitaa lilipoanza kunguruma, toazi likapotea. Nilikuwa naliona linacheza lakini silisikii. Nikazidisha nguvu. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba mtungi unalia peke yake jikoni, lakini toazi linalia katikati ya vita. Wimbo wa tatu lilipasuka kutoka ukingoni hadi karibu na nundu ya katikati. Lilitoa sauti ya bati. Mtu mmoja kwenye viti vya nyuma akasimama, akapaza sauti kwa huruma kabisa, "Jamani, sufuria la bibi harusi limepasuka!"

Ukumbi ulicheka hadi keki ikatikisika. Rafiki yangu alicheka kuliko wote, akakosa nyuzi mbili. Lile pigo la tano tu ndilo hakulikosa.

Mwaka uliofuata niliondoka. Sikuwa na sababu kubwa. Kuna watu ambao miguu yao huwasha, na mimi ni mmoja wao. Nilipiga kwenye bendi ya hoteli Mbeya, nikavuka Tunduma, nikakaa ng'ambo, nikapiga muziki wa kila namna kwa watu wa kila namna, nikafika Mwanza ambako kulikuwa na ziwa jingine na nikalichukia kwa sababu halikuwa na milima iliyosimama ndani ya maji kama yetu. Kila mahali nilikuwa na matoazi yangu kwenye gunia la unga, mgongoni. Ngoma zilikuwa za wenye bendi, matoazi yalikuwa yangu. Nikifika naning'iniza, nikiondoka natungua. Sijawahi kuliacha toazi mahali, na nadhani hilo linasema jambo kuhusu mimi ambalo wanawake wawili waliwahi kuniambia kwa maneno makali zaidi.

Rafiki yangu alibaki. Alioa, alilima, alipanda kakao nyuma ya nyumba, akanunua mashine. Mtu niliyecheka naye tulipoitwa wakoboaji akawa mkoboaji kweli. Gitaa alilitundika kwenye msumari ndani ya chumba cha mashine, ndani ya mfuko wa nailoni, na vumbi la pumba likawa linatulia juu yake kila jioni.

Basi baada ya ule ujumbe nilikwenda kwenye duka moja la vyombo vya muziki pale Mbeya. Nilifikiri kama wanavyofikiri watu wenye masikio mazima: mtu asiyesikia, mpigie kali zaidi. Muuzaji, kijana mpole mwenye miwani, aliniachia nijaribu yote. Nikayaning'iniza moja moja kidoleni, nikayagonga, nikafumba macho. Nilichagua toazi la mlio mkali kuliko yote, linalochoma kama ndimu kwenye kidonda, na haihati za namna hiyohiyo, yale matoazi mawili madogo yanayobusiana kwa kanyagio. Nilijiona nimetumia akili. Kijana alisema, kama hayatafaa niyarudishe yakiwa hayana alama, atanibadilishia.

Nilishuka Kyela na gunia langu. Joto la bondeni lilinipokea kama lilivyonipokea siku zote, kwa kunivua koti. Rafiki yangu alikuwa amesimama mlangoni pa mashine, mweupe wa pumba kuanzia nywele hadi viatu, na nilimwona amezeeka kabla sijamwona amefurahi.

"Umenenepa," akapiga kelele.

"Nimekuletea dawa ya masikio."

"Nini?"

"Dawa!"

"Nilidhani umesema una njaa. Njoo ule kwanza."

Alizima mashine. Tulifunga matoazi kwenye nguzo zake. Aliketi juu ya gunia la mpunga, gitaa mapajani, mikono imetulia, akasema nimpigie lile toazi jipya kabla ya kuanza chochote, alizoee. Nikalipiga. Mlio ulijaa chumba, ukapanda hadi kwenye bati, kuku wawili wakakimbia nje.

Alikuwa bado ananitazama.

"Piga basi," akasema.

Fimbo ilikuwa bado mkononi mwangu na toazi lilikuwa bado linatikisika.

"Nimepiga," nikasema.

Alilitazama toazi. Alikaa hivyo mpaka lilipotulia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ya kwanza ya chini niliyoisikia kwake tangu nifike, "Aa. Sawa." Tulijaribu wimbo hata hivyo. Tulipofika kwenye shimo alifumba macho kwa mazoea, nikapiga mara nne, nikasubiri. Pigo la tano likapita. La sita likapita. Alifumbua macho, akaniona nimeshusha fimbo.

"Mwambie mwalimu wa kwaya aje Jumatatu," akasema.

"Nipe wiki moja."

"Masikio siyo mpunga, bwana, kwamba msimu mwingine yataota."

"Nipe wiki moja tu."

Sikuwa na mpango wowote. Niliomba wiki kwa sababu ndivyo ninavyofanya mahali pakinibana, naomba muda kisha naondoka. Kesho yake ilikuwa Jumamosi nikaenda Matema kumwamkia mama mkubwa, kwa kuwa kupita Kyela bila kumwona ni kosa ambalo lingenifuata hadi Mwanza.

Alikuwa sokoni, kandokando ya maji, amekaa kwenye kigoda na vyungu vyake vimemzunguka. Amepungua, amekuwa mdogo kama kifaranga, lakini mikono ni ileile. Kelele zilikuwa nyingi siku ile. Boti ya injini ilikuwa inapakia, na muuza dawa ya mende alikuwa na spika inayorudia maneno yaleyale bila kupumua. Nilimwamkia mara mbili ndipo akaitika. Alikuwa anamhudumia mama mmoja wa Ipinda, huku anagombana na mwenzake aliye nyuma yake kuhusu mbuzi. Akapandisha chungu kwenye kiganja, akagonga, akakitenga. Kingine, akakiweka pamoja na vizima. Kingine, akakirudisha nyuma kwenye vibovu. Mimi niliyesimama hatua moja sikusikia hata "ko" moja.

"Mama," nikainama sikioni mwake, "unasikiaje vyungu na kelele zote hizi?"

"Kusikia nini?"

"Vyungu! Unavyogonga!"

Alinitazama kama nimeuliza anaonaje kwa magoti. "Mimi sisikilizi chungu. Nakishika. Lete mkono. Siyo huo, wa kushoto."

Akanipandishia chungu kiganjani, akagonga kwa kifundo. Kilitetemeka. Tumbo lake lote lilitetemeka kwenye kiganja changu, sawasawa, kama kuku anayeshikwa taratibu. Akakiondoa, akanipa kile alichokirudisha nyuma. Akagonga. Kilitetemeka upande wa vidole, upande wa kifundo cha mkono hakukuwa na kitu.

"Ufa uko hapo," akasema. "Hauonekani bado. Utaonekana kwenye maharage."

"Miaka yote nilidhani mnasikiliza."

"Tusikilize nini, na upepo huu wa ziwani? Na wanawake hawa?" Akageuka kumwonyesha mwenzake kwa kidevu, mwenzake akacheka. Kisha akanishika mkono, akautikisa kidogo. "Ndiyo maana ulinunua kile kisahani. Nikakwambia kile kipana. Kile kilikuwa kinanitetemesha mpaka kwenye kiwiko. Wewe ukakitundika kwenye uzi, ukafumba macho kama unasali."

"Unakumbuka?"

"Nilikasirika. Sikuwahi kukosea mbele ya watu wa ng'ambo."

Sikukaa hadi jioni. Jumatatu nilimchukua rafiki yangu, tukapanda gari hadi Mbeya. Hakutaka. Alisema mashine atamwachia nani, na kwamba yeye siyo mgonjwa wa kutembezwa. Nikamwambia safari hii simchagulii chochote, anakwenda kushika.

Kijana wa duka aliyakagua matoazi niliyorudisha, akakuta alama tatu za fimbo. Akanitazama juu ya miwani. "Mzee, tulikubaliana." Nikamwomba radhi. Nikamweleza habari ya mashine na masikio, na sijui kama ni maelezo yangu au ni yule mtu mzima aliyesimama katikati ya duka amekunja mikono, mwenye pumba kwenye nyusi, kijana akasema haya, chagueni.

Nilifunga toazi moja baada ya jingine kwenye nguzo ya chuma. Rafiki yangu alishika nguzo kwa mkono wa kushoto, karibu na kiuno, akafumba macho. Mimi nikapiga.

"Hakuna."

Jingine.

"Kidogo. Kama inzi."

Jingine.

"Hilo linafika halafu linakimbia."

Kijana wa duka alikuwa ameacha kazi zake. Kwa kuwa nilikuwa nimeshajua ninachotafuta, nilikuwa nalitazama moja lililotundikwa nyuma kabisa, ukutani, pana, halina mng'aro, la rangi ya chungu. Nilijizuia nisilichukue mapema. Nilitaka lije kwa zamu yake.

"Hilo nalo mtalijaribu?" kijana akasema. "Limekaa hapa siku nyingi. Watu wa kwaya wanataka ya kung'aa. Hilo linatoa sauti ya debe."

Nikalifunga. Kwa masikio yangu lilikuwa kweli na ukali wa debe mwanzoni, kisha chini yake ukafuata mngurumo mpana, mzito, usiotaka kuisha. Nikapiga tena. Rafiki yangu aliinama, akaweka na mkono wa pili kwenye nguzo.

"Piga mara nne," akasema.

Nikapiga mara nne, taratibu. Kidole gumba chake kilipiga chuma kwenye pigo la tano.

"Hili nalisikia," akasema, macho bado yamefumba. "Siyo kama zamani. Ni kama mtu anafungua mlango mzito chumba cha pili. Lakini najua amefungua."

Kijana alivua miwani akaifuta. Kisha akauliza kama tunataka gunia la kubebea, nikamwambia ninalo.

Jumapili mashine haikoboi. Baada ya ibada tulifungua madirisha ya chumba, tukafagia pumba, tukaweka toazi mahali pake. Haihati nilirudia za kwangu za zamani, za kuchoka, ambazo hazina ukali. Mwalimu wa kwaya alikuja, mtu mwungwana, akasimama karibu na mlango na Zaburi zake kwapani. Hakulitazama gitaa. Nadhani alikuwa anajizuia.

Tukaanza. Lo, kumbe vidole vinakumbuka. Gitaa lilikuwa na nyuzi mpya na sauti ileile mbaya nzuri, na mimi nilikuwa napiga kama mtu anayedaiwa na ujana wake. Lile toazi halikupotea. Lilikaa katikati ya makelele kama jiwe katikati ya mto. Tukafika kwenye shimo. Vyote vikakatika. Nikapiga moja, mbili, tatu, na hapo akaingia. Mapema.

Alisimama. Alitukana kwa Kinyakyusa, neno moja, mbele ya mwalimu wa kwaya.

"Ulikuwa na haraka," nikasema.

"Nilikuwa na hofu." Akavua viatu. Akavua na soksi. Akasogea hadi mguu wake wa kulia ukakaa juu ya chuma cha nguzo ya toazi, vidole vimekizunguka kama vya mtu anayevuka mto kwenye mti. "Tangu mwanzo."

Tukaanza tangu mwanzo. Tulipokaribia sikumtazama usoni, nilitazama ule mguu. Vyote vikakatika. Nje nikasikia njiwa, ambao najua yeye hakuwasikia. Moja. Nikaacha mngurumo utembee ushuke. Mbili. Tatu. Nne.

Bati la paa likaanguka. Macho yalikuwa yamefumba.

Tulipiga hadi mwisho na kuurudia mwisho mara nyingi zaidi ya tulivyoutunga. Tulipokatisha, mama mmoja aliyekuwa anatoka kanisani na mwamvuli alikuwa ameingiza kichwa dirishani.

"Nyie! Jumapili hii mnakoboa?"

Rafiki yangu alinigeukia. "Anasemaje?"

"Anauliza kama tunakoboa!"

"Mwambie ndiyo! Alete magunia!"

Mwalimu wa kwaya alicheka, akahamisha kitabu kwapa la pili. "Basi, mzee," akasema kwa sauti kubwa, akimsogelea ili asomeke mdomo. "Tutakuja kuliazima Pasaka. Pamoja na mwenyewe."

"Pasaka nitakuwepo. Gitaa likija, nakuja nalo."

Nilikaa siku tisa zaidi, ambazo kwangu ni nyingi. Asubuhi ya kuondoka nilikwenda mashineni na gunia langu la unga, nikafungua haihati, nikazifunga kwa kitambaa. Nikaweka mkono kwenye kifungio cha lile toazi pana. Rafiki yangu alikuwa anatia mafuta kwenye mashine, amenipa mgongo, na hangeweza kusikia kifungio kikizunguka. Nilikizungusha nusu. Kisha nikakirudisha.

Nikachukua gunia tupu la mpunga na kulifunika toazi, pumba zisilikalie. Alipogeuka aliliona hivyo, limefunikwa kwenye nguzo yake kama chungu kinachosubiri kupelekwa sokoni, akaliona na gunia langu mgongoni, jepesi. Alifuta mafuta mikononi, akawasha mashine.